Wiki Tatu za Julai: Mjadala juu ya Mikono ya Warushaji

Tarehe 12 Machi 2020 Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilisimamisha kambi zake za Florida na Arizona kwa sababu ya korona. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu msimu uanze. Warushaji, ambao huripoti kambini kabla ya wenzao, katikati ya Februari, walikuwa wameshapanda karibu na kilele cha maandalizi. Wakarudi nyumbani bila kuambiwa lini wataitwa. Wakaitwa mwanzoni mwa Julai, wakapewa kama wiki tatu badala ya sita walizozoea, na tarehe 23 Julai mechi zikaanza: 60, badala ya 162 za kila mwaka.

Tarehe 24 Julai Justin Verlander wa Houston Astros alirusha inningi (vipindi) sita. Hakurusha tena mwaka ule wala uliofuata. Kiwiko chake kilihitaji upasuaji. Siku mbili baadaye Corey Kluber, aliyekuwa ametua Texas Rangers kwa matumaini makubwa, alirusha inningi moja akatoka kwa maumivu ya bega, na msimu wake ukaishia pale. Siku hiyohiyo Shohei Ohtani alirudi kurusha baada ya upasuaji wa kiwiko wa 2018. Hakumtoa mpigaji hata mmoja, na wiki iliyofuata akaumia misuli ya kigasha.

Watafiti waliolinganisha misimu walikuta kwamba mwaka 2018 na 2019 kulikuwa na majeruhi zaidi kidogo ya 5 kwa kila mara 1,000 ambazo wachezaji waliingia uwanjani. Mwaka 2020 walizidi 8. Je, kalenda iliyokatwa ndiyo iliyofanya hivyo? Hoja zinazopingana juu ya swali hili nimezipanga kama mazungumzo ya watu wanne, kila mmoja akibeba upande wake: daktari wa viungo, kocha wa warushaji, mwanatakwimu na wakili wa mambo ya kazi. Nami nitaingia pale ninapoona siwezi kunyamaza.

DAKTARI: Niruhusuni nianze na kiwiko, maana tukikiruka tutabishana hewani. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano fupi inayoshikanisha mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa kigasha. Mrushaji anapovuta mkono nyuma kisha akaufyatua mbele, bega lake huzunguka kwa kasi inayopita nyuzi 7,000 kwa sekunde. Ni mojawapo ya miendo ya haraka zaidi iliyowahi kupimwa katika mwili wa binadamu. Wakati huo kiwiko kinalazimishwa kufunguka kwa upande wa ndani. Maabara zimepima nguvu hiyo kwa warushaji walio hai, na zimepima viwiko vya maiti kujua kano hustahimili kiasi gani kabla ya kukatika. Ikiachwa peke yake, hukatika kwa takriban nusu ya nguvu ambayo mrushaji wa kulipwa huizalisha katika mtupo mmoja.

KOCHA: Na anarusha mitupo 90 kwa usiku mmoja.

DAKTARI: Ndiyo. Kinachomwokoa ni msuli. Misuli ya kigasha hukaza kwa wakati na kubeba sehemu ya mzigo. Ikichoka, au ikiwa imepungua nguvu, mzigo wote unaangukia kano. Sasa mwambie mtu huyo akae miezi mitatu na nusu akirusha mpira kwenye wavu nyuma ya nyumba, bila mpigaji mbele yake, bila mechi, kisha umpe wiki tatu arudi. Msuli unaweza kurudi ndani ya muda huo. Kano na tendoni hujijenga polepole zaidi. Kwa hiyo mrushaji anajisikia fiti, anaanza kurusha kwa nguvu zake zote, na kumbe kile kinachoshikilia kiungo bado hakijawa tayari.

MWANATAKWIMU: Daktari, maelezo yako ya mwili nayakubali. Hitimisho ndilo sijalifikia. Hebu tuangalie majina na tarehe. Luis Severino wa New York Yankees alifanyiwa upasuaji wa kano hiyohiyo mwishoni mwa Februari 2020. Noah Syndergaard wa New York Mets, tarehe 26 Machi. Chris Sale wa Boston, tarehe 30 Machi. Hao watatu ni warushaji wa daraja la juu kabisa, na mikono yao iliharibika kabla kalenda haijamgusa mtu. Hata Verlander alikuwa na maumivu kambini mwezi Machi, na alifanyiwa upasuaji wa kinena wakati ligi imesimama. Tukiwataja Verlander na Kluber bila kuwataja hawa, tunachagua ushahidi unaotupendeza.

DAKTARI: Hapo sikupingi. Lakini kuwataja wagonjwa wa Februari hakufuti wagonjwa wa Julai.

MWANATAKWIMU: Hakufuti, ila kunatuambia kiwango cha kawaida kilikuwa juu tayari. Halafu kuna jambo la hesabu lenyewe. Majeraha ya warushaji huwa mengi zaidi mwanzoni mwa msimu, kila mwaka, korona au hakuna korona. Mechi 60 ni sawa na miezi miwili ya mwanzo. Ukilinganisha miezi miwili ya mwanzo na msimu mzima wa miezi sita, lazima miezi miwili ionekane mibaya. Na ongeza hili: mwaka ule timu ziliruhusiwa kuanza na wachezaji 30 badala ya 26. Mwenye akiba ndefu haogopi kumweka mtu kwenye orodha ya majeruhi kwa siku 10. Sehemu ya zile namba ni tahadhari, si misuli iliyochanika.

Hoja hii ni nzito, na wengi wanaoandika juu ya 2020 huipita haraka mno. Lakini kwangu ina pengo moja. Ikiwa mwanzo wa msimu ni hatari kila mwaka, maana yake ni kwamba kupandisha mzigo ndiko kunakoumiza, hata kwa mtu aliyepata wiki zake sita kamili. Mwanatakwimu ameingia kupunguza lawama ya kalenda, na ushahidi wake mwenyewe unaonyesha jinsi kipindi cha kupanda kilivyo chembamba. Ukikikata nusu, umekata mahali palipokuwa pabaya tangu mwanzo.

KOCHA: Watu wengi hawajui kambi hufanya nini, ndiyo maana wanadhani wiki tatu zinatosha. Acha niwaeleze. Mrushaji anafika Februari akiwa ameshaanza kurusha taratibu tangu majira ya baridi. Siku za mwanzo anarusha kwa mdakaji tu, hakuna mpigaji, mitupo 20 au 30. Anapumzika siku moja, anarudia. Baadaye anasimama mpigaji wa timu yake mwenyewe. Kisha mechi ya kirafiki, inningi moja au mbili. Baada ya hapo kila zamu yake inapofika, yaani kila siku ya tano, unamwongezea mitupo kama 15. Unamtazama asubuhi ya pili yake: bega limekaza? Kigasha kimevimba? Akilalamika, humpandishi, unarudia zamu ileile. Mwisho wa Machi yuko kwenye mitupo 75 au 90, na ndipo umempa ruhusa ya kuanza msimu. Hesabu mwenyewe ni zamu ngapi. Wiki tatu zinakupa zamu nne, na zamu ya kurudia hakuna. Kijana akisema kigasha kinavuta, huna pa kumweka, kwa sababu mechi ni kesho.

DAKTARI: Tena mwaka 2020 walipanda ngazi mara mbili. Februari na Machi walipanda, wakashuka ghafla, wakapanda tena Julai kwa haraka. Mwili haupendi kushtushwa namna hiyo. Hilo limeonekana nje ya besiboli pia. Mwaka 2011 ligi ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa na mgomo wa wamiliki, wachezaji wakafungiwa nje ya vituo vya timu zao tangu Machi hadi Julai. Kambi zilipofunguliwa, katika siku 12 za kwanza tendoni 10 za kisigino zilikatika. Wale hawarushi kama warushaji, na kiungo ni kingine kabisa, lakini mtindo ni uleule.

MWANATAKWIMU: Kumi ni namba ndogo, Daktari. Siku 12 ni chache.

DAKTARI: Ni ndogo kwenye karatasi yako. Kila moja ni mtu ambaye amesikia kisigino kikilia, akageuka kutazama nani amempiga teke, na nyuma yake hakuna mtu.

MWANATAKWIMU: Sikatai maumivu yao. Nasema tusijenge kanuni juu ya namba ndogo, kama ilivyotokea kwa ule uwiano uliovuma sana, wa kugawa mzigo wa wiki hii kwa wastani wa wiki nne. Ulianza kupata umaarufu kwa warushaji wa kasi wa kriketi na wachezaji wa ragbi, ukasambaa michezo yote, timu zikanunua programu za kuupiga hesabu. Baadaye wanahisabati wakaonyesha kwamba wiki hii imo pia ndani ya wiki nne, kwa hiyo unagawanya kitu kwa kitu ambacho tayari kimechanganyika nacho. Wazo la kutopandisha mzigo ghafla ni zuri. Kuligeuza kuwa namba moja ya uchawi ndiko ninakokupinga.

KOCHA: Mimi sihitaji uwiano. Nipe St. Louis.

Kocha ana haki ya kuitaja. St. Louis Cardinals walicheza mechi tano mwishoni mwa Julai 2020, kisha korona ikaingia kambini kwao, wakafungiwa. Zaidi ya wiki mbili walikaa hotelini na majumbani wakati ligi inaendelea. Tarehe 14 Agosti waliruhusiwa kwenda Chicago, na kwa kuwa hawakutaka kuambukizana ndani ya basi, walikodi magari 41, kila mtu la kwake, wakaendesha kama kilomita 480. Siku iliyofuata walicheza mechi mbili. Kuanzia hapo wakawa na mechi 53 ndani ya siku 44.

KOCHA: Fikiria mrushaji huyo. Februari amepanda, Machi ameshushwa, Julai amepandishwa, Agosti ameshushwa tena, kisha ameendesha gari peke yake saa tano, ameshuka, amepewa mpira. Mwezi Septemba Dakota Hudson, kijana aliyekuwa anarusha vizuri sana, alitoka kwenye mechi kwa maumivu ya kiwiko, na mwisho wa mwezi akawa kwenye meza ya upasuaji. Siwezi kuthibitisha kwamba ratiba ndiyo iliyomkata. Ila ningekuwa kocha wake nisingelala.

MWANATAKWIMU: Huo ndio uaminifu ninaoutaka. Kwa mtu mmoja huwezi kuthibitisha. Kwa kundi kubwa unaweza kuona mwelekeo, na mwelekeo wa 2020 ulikuwa mbaya, hilo nimelikubali tangu mwanzo. Swali langu ni sababu kuu. Tazameni miaka 20, msitazame mwaka mmoja. Ripoti ambayo ligi yenyewe iliitoa Desemba 2024, baada ya kuhoji watu zaidi ya 200, inasema mwaka 2005 warushaji waliwekwa kwenye orodha ya majeruhi mara 212. Mwaka 2024 ni mara 485. Mwaka 2024 haukuwa na korona wala mgomo. Kambi ilikuwa ya kawaida kabisa.

KOCHA: Kasi.

MWANATAKWIMU: Kasi. Mwaka 2008 mpira wa kasi ulikuwa na wastani wa kilomita 147 kwa saa. Mwaka 2024 umepita 151. Kwa jicho la mtazamaji ni tofauti ndogo, kwa kano ni kubwa. Zamani mrushaji alijua atakaa inningi saba au nane, kwa hiyo alijiwekea akiba, akatoa nguvu zote pale penye hatari tu. Leo anaambiwa atoe zote tangu mtupo wa kwanza, akichoka ataingia mwingine. Na majira ya baridi, ambayo yalikuwa ya kupumzika, sasa anayatumia kwenye vyumba vya mazoezi vyenye kamera na mitambo ya kupima, akitafuta kilomita moja zaidi na mpira upinde zaidi. Ripoti ile imeona majeraha ya kipindi cha maandalizi yakiongezeka, na inahusisha hilo na mazoezi hayo ya nguvu zote.

DAKTARI: Sawa, lakini unasikia unachosema? Hilo nalo ni kuvuruga ratiba ya mazoezi. Tofauti ni kwamba mwaka 2020 kilichoivuruga ni virusi, na sasa inavurugwa kila mwaka na soko. Mkono uliokuwa unapata miezi miwili ya kupoa haupati tena.

Hapa ndipo ninaposimama mimi, na nitasema bila kuzungukazunguka. Kalenda na kasi si washtakiwa wawili wanaotupiana lawama. Mwaka 1995, baada ya mgomo uliofuta hata fainali za 1994, wachezaji walirudi wakapewa kama wiki tatu za kambi, na msimu wa mechi 144 ukaanza tarehe 25 Aprili. Ligi ya wakati ule ilikuwa na warushaji waliorusha polepole zaidi na waliozoea kujiwekea akiba ndani ya mechi. Kambi ya wiki tatu ya mwaka 2020 ilimkuta mrushaji wa aina nyingine: anayefanya kazi karibu kabisa na kikomo cha kano yake kila mtupo, mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kumeza usumbufu wa aina yoyote. Ndiyo maana siwezi kukubali kauli ya kwamba tatizo ni kasi, kwa hiyo kambi fupi haina neno. Kadiri kasi inavyopanda, ndivyo kambi inavyohitaji kulindwa zaidi.

WAKILI: Nimewasikiliza kwa utulivu, na nashangaa hamjauliza nani alikata zile wiki. Korona ilisimamisha ligi Machi, sawa. Lakini Mei yote na Juni karibu yote pande mbili zilibishania fedha na idadi ya mechi. Wachezaji walitaka mechi 114, kwa sababu walikuwa wanalipwa kwa mechi. Wamiliki walitaka chache, kwa sababu viwanja vilikuwa vitupu na hakuna kiingilio. Hawakuelewana, na tarehe 23 Juni ligi ikatumia mamlaka yake kutangaza 60. Zile wiki zilizoliwa na mabishano zingeweza kuwa wiki za kambi. Daktari anazitafuta kwenye kiwiko, mimi naziona mezani kwenye mazungumzo.

KOCHA: Na mwaka 2022 hakukuwa na virusi vya kusingizia.

WAKILI: Hakukuwa. Wamiliki waliwafungia wachezaji nje tangu tarehe 2 Desemba 2021 hadi tarehe 10 Machi 2022, siku 99. Katika siku hizo madaktari na makocha wa timu hawakuruhusiwa hata kuzungumza na wachezaji wao. Chris Sale, huyohuyo aliyetajwa, alivunjika ubavu akifanya mazoezi Florida mwezi Februari, na timu yake haikuweza kuambiwa mpaka mkataba uliposainiwa. Fernando Tatis Jr. wa San Diego, nyota aliyekuwa na mkataba wa mamilioni mengi, alifika kambini na kifundo cha mkono kilichovunjika. Kama daktari wa timu angekuwa na ruhusa ya kupiga simu moja, mfupa ule ungetazamwa mapema. Kisha kambi ikawa fupi, mechi 162 zikabaki zilezile, na nyongeza ya wachezaji wawili tu kwa timu mpaka tarehe 1 Mei.

DAKTARI: Hilo la simu linaniumiza kuliko yote. Mgogoro wa kazi naelewa. Kumkataza daktari kumuuliza mgonjwa hali yake sielewi.

KOCHA: Na tunazungumzia nyota tu. Verlander alirudi mwaka 2022 akiwa na miaka 39 akachukua tuzo ya mrushaji bora. Alingojewa kwa sababu ni Verlander. Lakini mwaka 2020 ligi ndogo zote zilifutwa, msimu mzima, na mwaka uliofuata timu za ligi hizo zikapunguzwa hadi 120. Maelfu ya vijana walikaa mwaka bila mechi rasmi hata moja. Nani alihesabu viwiko vyao? Nasema hivi kwa sababu mambo haya yametufikia hata sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Watoto wa Lugazi walishacheza fainali za dunia za watoto Williamsport mwaka 2012, wa kwanza kutoka Afrika. Kijana anayetoka huko akiumia ngazi ya chini kabisa kwa sababu kambi ilikatwa, hakuna wa kumngojea miezi 14 ya kupona.

MWANATAKWIMU: Kwa hilo nakuunga mkono moja kwa moja, Kocha. Nami ningeongeza: timu zinahesabu kila mtupo, hata ule wa mazoezi, kwa kamera na vifaa vya kuvaa. Taarifa hizo zinafichwa kama siri za biashara. Kila timu ina jibu la robo tu la swali tunalobishania hapa. Zikifunguliwa kwa watafiti huru, bila majina, tungejua kambi ya wiki nne ina hatari gani na ya wiki sita ina hatari gani, tukaacha kukisia kwa Kluber na Hudson.

WAKILI: Basi tuweke mezani, maana makubaliano ya 2022 yamepangwa kuisha tarehe 1 Desemba 2026. Mimi ningeandika vifungu viwili. Cha kwanza: mgogoro wowote utakaotokea, daktari wa timu na mchezaji wanaendelea kuwasiliana. Cha pili: mechi ya kwanza haichezwi kabla ya siku 35 tangu kambi ifunguliwe, na siku zikikosekana zinakatwa mechi, hazikatwi siku za kambi.

KOCHA: Siku 35 kwa mrushaji anayeanza mechi hazitoshi. Niandikie 42. Mpigaji anaweza kufika baadaye.

MWANATAKWIMU: Na mechi zilizokatwa analipa nani? Mchezaji anayelipwa kwa mechi atakuwa wa kwanza kupinga kifungu chako. Ndivyo ilivyokuwa 2020, alitaka nyingi.

WAKILI: Mshahara wa mechi zilizofutwa ugawanywe nusu kwa nusu, mmiliki na mchezaji, ili kila upande upoteze kitu kwa kila siku unayochelewesha mkataba. Leo anayepoteza ni mwenye kiwiko peke yake.

DAKTARI: Kifungu cha kwanza nitakisaini leo. Cha pili nitakisaini Kocha akipata zile 42.